Barua ya Wazi Kuhusu Mkimbizi Aliyebaki Kwetu

Kwa Waheshimiwa: Waziri wa Usalama wa Ndani na Utawala wa Taifa, Kamishna wa Wakimbizi, na Gavana wa Kaunti ya Nakuru.

YAH: OMBI LA KUTEKELEZA SHERIA YA WAKIMBIZI YA 2021 KWA WAKIMBIZI WANAOISHI MIJINI MWETU, NA MWALIKO WA KUTAZAMA FILAMU PAMOJA NA WANAFUNZI WETU

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya kutwa hapa Nakuru, na mlezi wa chama cha filamu cha wanafunzi. Muhula uliopita tulitundika shuka jeupe ukutani mwa bwalo, tukatazama filamu ya 2014 iitwayo The Good Lie, yaani Uongo Mwema, iliyoongozwa na Philippe Falardeau, ambayo inasimulia habari za watoto wa Sudan waliokimbia vita kwa miguu, wakaishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa miaka kumi na mitatu, kisha majina yao yakabandikwa ubaoni na ndege ikawachukua hadi Kansas City, Marekani. Taa zilipowashwa, binti mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye alizaliwa Kakuma na wazazi kutoka Sudan Kusini, aliinua mkono na kuuliza swali ambalo sikuweza kulijibu, na swali hilo ndilo linalonifanya niwaandikie: “Mwalimu, yule aliyebaki, alipewa kitambulisho?”

Kwa ajili ya wasiopata kuitazama, sina budi kueleza mwisho wa filamu hiyo, kwa maana ombi langu lote limejengwa juu yake. Mwanzoni, watoto wakiwa wamejificha nyasini, kaka yao mkubwa aitwaye Theo anasimama mbele ya askari na kudai kwamba yuko peke yake, akachukuliwa yeye ili wenzake wapone. Miaka mingi baadaye mdogo wake, Mamere, ambaye sasa yuko Marekani na anatamani kuwa daktari, anapata fununu kwamba Theo yu hai Kakuma. Anarudi Kenya, anamtafuta mpaka anampata, anabisha milango ya balozi moja baada ya nyingine na kila mlango unafungwa. Hatimaye anampeleka kaka yake uwanja wa ndege, na huko anamkabidhi hati zake mwenyewe za kusafiria, ili Theo apande ndege kwa jina la Mamere. Ndege inaondoka. Mamere anabaki Kenya, akirudi kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya kambi.

Watu wengi hutoka kwenye filamu hii wakiwa wamefarijika, na wana haki ya kufarijika, kwa kuwa ni hadithi ya upendo wa ndugu na ya ukarimu wa watu wageni. Baadhi ya waigizaji wake, kama Ger Duany na Emmanuel Jal, walikuwa wenyewe watoto waliobebeshwa bunduki katika vita hivyo, na uso wa mtu aliyeyapitia mambo hausemi uongo. Wanafunzi wangu walicheka vijana wale waliposhangazwa na simu ya nyumbani, na bwalo zima lilinyamaza mmoja wao, Jeremiah, alipokataa kutupa chakula kizima cha dukani huku akijua njaa ni nini. Hata hivyo, mimi na binti yule tulitoka na jambo lingine mioyoni. Aliyepanda ndege tulionyeshwa anakokwenda. Aliyebaki yuko katika nchi yetu, chini ya sheria zetu, na filamu haikusema lolote zaidi juu yake. Sehemu iliyosalia ya hadithi hiyo, Waheshimiwa, iko mikononi mwenu.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini jambo hili linanigusa mimi, ambaye si mkimbizi. Mwezi wa Januari 2008 nilikuwa darasa la tano. Tulitoka Kuresoi usiku, nyumba ikiwa inaungua nyuma yetu, tukafikia Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, ambako tulilala hemani pamoja na maelfu ya watu wengine. Machafuko yale ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliua zaidi ya Wakenya 1,100 na kuwafurusha zaidi ya 600,000, na hapana familia katika kaunti hii isiyojua mtu aliyeguswa nayo. Mama yangu alitoka nyumbani bila viatu. Alichokuwa nacho kilikuwa kitambulisho chake, alichokifunga kwenye ncha ya leso, na kila asubuhi pale uwanjani nilimwona akikifungua kipande hicho, akikitazama, kisha akikifunga tena. Wakati huo sikuelewa. Leo naelewa vyema. Kwa kipande hicho alipanga chumba Kaptembwo. Kwa kipande hicho alisajili laini ya simu, akajiunga na chama cha akina mama, akapata mkopo mdogo wa kununua gunia la kwanza la viazi, akalipa ada yangu. Tulipoteza shamba, ng’ombe na majirani, lakini hatukuanza maisha mapya tukiwa watu wasiotambulika, na hiyo ndiyo sababu mimi ni mwalimu leo.

Mama wa mwanafunzi wangu naye ni mchapakazi kama mama yangu. Ni fundi cherehani aliyejifunza kazi hiyo kambini na kutunukiwa cheti, na kama mmewahi kuona sare za shule zilizoshonwa kwa mishono iliyonyooka mtajua ninazungumzia mkono wa namna gani. Anacho kitambulisho cha mkimbizi kilichotolewa na serikali hii hii. Tatizo ni kwamba akikiweka mezani, karani hukigeuza mbele na nyuma, humwita mwenzake, kisha humwambia arudi wiki ijayo. Amepanda basi kwenda Nairobi mara nne kufuatilia kibali cha kazi katika ofisi ambayo sitaitaja, na kila safari imekula faida ya mwezi mzima. Kibanda anachoshonea kimekodishwa kwa jina la jirani. Laini ya simu anayopokelea malipo ya wateja imesajiliwa kwa jina la jirani huyo huyo, mama Mkenya mwenye moyo mwema, kiasi kwamba jirani akifariki kesho, Mungu apishie mbali, akiba ya mama huyu itaingia katika mirathi ya familia nyingine. Nimesimulia haya kwa ruhusa yake, na sikutaja jina wala mtaa kwa sababu sitaki mtu akamatwe. Nimeyasimulia ili mwone kwamba uongo mwema wa kwenye filamu, wa mtu kumwazima mwenzake jina lake ili aweze kuishi, unaendelea kila siku mjini Nakuru, na sheria mliyo nayo inatosha kabisa kuufanya usihitajike.

Sheria hiyo ipo. Sheria ya Wakimbizi ilitiwa saini Novemba 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, na kifungu chake cha 28 kinampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, kuendesha biashara, na kutumia ujuzi wake pale vyeti vyake vinapotambuliwa na mamlaka husika. Naisoma kwa heshima kubwa, kwa kuwa si nchi nyingi zenye sheria nzuri kiasi hicho. Machi 2025 serikali ikazindua pia Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali kwa pamoja. Ni mpango ninaouunga mkono kwa moyo wote. Lakini macho ya mpango huo yako zaidi Turkana na Garissa, kaunti zenye kambi hizo, ilhali barabara ya Kakuma haikomei Lodwar. Inashuka Kapenguria hadi Kitale, ikafika Eldoret, ikafika Nakuru, na watu wamesafiri nayo kwa zaidi ya miaka thelathini wakitafuta shule za watoto wao na soko la kazi za mikono yao. Hawa wa mijini ndio ninaowaombea.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi hutumiwa kumkumbusha mgeni asizidishe kukaa, lakini ukiitafakari utaona kwamba wajibu ulio ndani yake ni wa mwenyeji pia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jembe na ndiye anayepaswa kulitoa. Kakuma ilianzishwa 1992. Watoto wale wa Sudan, ambao walikuwa wamekimbilia Ethiopia kwanza na wakafukuzwa tena na vita 1991 baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, wengine wakifa maji mtoni Gilo, walifika kwetu wakiwa mifupa mitupu, tukawapokea. Hilo ni jambo la kujivunia. Ila wapo waliofika mwaka huo ambao hawajawahi kupewa jembe hadi leo. Wamepewa mgao wa chakula, na mgao wenyewe ulikatwa vibaya 2025 fedha za wafadhili zilipopungua. Kambini, mkimbizi aliyesomea ualimu au uuguzi hufanya kazi kwa jina la mfanyakazi wa posho, akilipwa sehemu ndogo ya anachopata Mkenya aliyesimama kando yake. Huyo Mamere wa filamu, anayerudi hospitalini Kakuma, angelipwa hivyo.

Najua litaletwa jibu kwamba suluhisho la wakimbizi ni kuhamishiwa nchi ya tatu, kama ilivyokuwa katika filamu. Kwa heshima, jibu hilo halikuwahi kutosha, na sasa halipo kabisa kwa wengi. Vijana wa Sudan waliochukuliwa Marekani kuanzia mwishoni mwa 2000 walikuwa takriban 3,600 tu kati ya maelfu mengi, na safari hizo zilisimamishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, zikawaacha kambini watu ambao majina yao yalikuwa karibu kufika ubaoni. Duniani kote, chini ya asilimia moja ya wakimbizi ndio wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha tena mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kuuza vyombo vyao na kuaga majirani wakarudi kukaa kwenye sakafu tupu. Wasomali wa Dadaab wana neno lao, buufis, kwa ile hamu ya kuondoka inayomla mtu mpaka akashindwa kuishi pale alipo. Nimeona kivuli cha hamu hiyo kwa mwanafunzi wangu: insha zake zote, hata ninapotoa mada ya ukulima, huishia uwanja wa ndege. Simlaumu, kwa sababu sisi watu wazima hatujamwonyesha mlango mwingine.

Najua pia litaletwa suala la usalama, na silichukulii kwa wepesi. Nchi hii imezika watu wake baada ya shambulio la kigaidi la Westgate 2013 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa 2015, ambako watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi wenye umri ambao wanafunzi wangu watakuwa nao hivi karibuni. Serikali ilitangaza 2016 kwamba Dadaab ingefungwa, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hatua hiyo ilikiuka Katiba. Sirudii mjadala huo. Ninachosema ni kwamba mama fundi cherehani ambaye alama zake za vidole ziko serikalini, mwenye kibali kwa jina lake, kibanda kwa jina lake na simu kwa jina lake, anajulikana na dola kuliko mama yule yule akiishi nyuma ya jina la jirani. Anayetaka usalama angeanza na kumpa mtu huyu uwezo wa kujitambulisha kwa ukweli.

Isitoshe, tumewahi kufanya hivi, na tulifaidika. Utawala wa Idi Amin ulipowafukuza wasomi wa Uganda katika miaka ya 1970, wengi walivuka mpaka wa Busia na Malaba, na shule nyingi za upili za Kisumu, Kakamega, Bungoma na hata Nakuru zilipata walimu wa hesabu na sayansi ambao wazee wetu bado wanawataja kwa majina. Hadi 1991 hivi, mkimbizi nchini Kenya aliweza kuishi mjini na kufanya kazi bila kuzungushiwa ua. Kilichobadilika ni idadi, vita vya Somalia, Sudan na Ethiopia vilipotufikishia mamia ya maelfu kwa wakati mmoja, nasi tukajenga kambi kwa haraka, kama mtu anayetandika mkeka wa dharura sebuleni. Mkeka huo haujakunjwa. Leo nchi ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, na vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vinaendelea kutuletea wengine.

Kaunti ya Nakuru ina sababu ya pekee ya kuongoza jambo hili. Amani iliyomaliza vita vinavyosimuliwa katika filamu ile ilijadiliwa Naivasha, katika kaunti yetu, ambako kiongozi wa waasi wa kusini, John Garang, na makamu wa rais wa Sudan, Ali Osman Taha, walikaa mezani kuanzia Septemba 2003 chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, hadi mkataba ulipotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Sudan Kusini ikapata uhuru 2011, na vita vikazuka upya Desemba 2013, hivyo kwamba filamu ilipotoka mwaka uliofuata, Kakuma ilikuwa inajaa tena. Wazazi wa binti niliyemtaja walirudi kwao wakati wa amani ile, wakajenga, wakakimbia mara ya pili. Hatuwezi kuwaambia warudi na wasubiri amani ya tatu huku mtoto akikaribia mtihani wa taifa.

Ombi langu kwenu, Mheshimiwa Waziri na Mheshimiwa Kamishna, ni dogo kuliko urefu wa barua hii. Toeni waraka wa maandishi, ulio wazi na wenye muhuri, unaoziamuru ofisi zote za umma na kuziarifu benki, kampuni za simu na shule kwamba kitambulisho cha mkimbizi ni hati halali ya kumtambulisha mtu, na kwamba karani anayekikataa aeleze sababu yake kwa maandishi. Vibali vya kazi vya daraja M, ambavyo ndivyo vya wakimbizi, viweze kuombwa na kufuatiliwa kutoka Nakuru, Eldoret, Kitale na Kisumu, vikiwa na muda maalumu wa kujibiwa, ili mtu asilazimike kuuza kitambaa chake kulipia nauli. Nawe, Mheshimiwa Gavana, waelekeze maafisa wako wa leseni wampokee fundi mkimbizi kwa jina lake. Ada atakayolipa itaingia katika hazina ya kaunti sawa na ya mtu mwingine yeyote, na hilo halihitaji ruhusa ya Nairobi.

Kuna ombi jingine, la sanaa, ambalo naliona si la anasa. Filamu tuliyoitazama haikupigwa Kakuma; sehemu zake za Afrika zilipigwa Afrika Kusini, na sehemu za Marekani jimboni Georgia. Hadithi ya aliyebaki bado haijapata filamu yake, kwa Kiswahili, katika nchi ambako hasa alibaki. Tunao mashahidi wa 1992 ambao sasa wana mvi. Tunao wanariadha watano wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, wakanolewa na Tegla Loroupe, binti wa Pokot Magharibi, na kukimbia Rio de Janeiro 2016 katika timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi. Tunao vijana wanaojua kushika kamera. Tume ya Filamu ya Kenya ikitenga fedha hata kwa filamu moja fupi kila mwaka, na kaunti ikaionyesha katika kumbi za wadi, majirani watakuwa na cha kuzungumzia zaidi ya uvumi wa mitaani. Mimi mwenyewe nilijifunza baada ya 2008 jinsi uvumi unavyotangulia moto.

Ninawaalika, kwa unyenyekevu, mje shuleni kwetu mtazame filamu hii pamoja na wanafunzi. Bwalo letu si kubwa, lakini lina nafasi, na wanafunzi wamekubaliana kwamba wageni watakaa mbele. Baada ya filamu, binti yule atasimama arudie swali lake, na safari hii litakuwa limeelekezwa kwa watu wenye uwezo wa kulijibu. Tarehe tumewaachia ninyi mchague, mradi iwe Ijumaa jioni kabla ya shule kufungwa muhula huu, kwa sababu mama yake angependa kuwapo, na Jumamosi huwa sokoni kutwa nzima.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha filamu,
Nakuru.